Taa za Land Rover ya babu

Kama umewahi kuteremka usiku kutoka Kisarawe kuja Pugu, sina haja ya kukueleza giza la pale. Lami ipo, hilo sikatai, lakini barabara inajikunja katikati ya vilima vya msitu, na giza lake si kama hili la mjini ambalo kila hatua ishirini kuna kibanda cha chipsi kinamulika. Sasa fikiria upo katikati ya mteremko huo, saa mbili usiku, umeshika usukani wa Land Rover ya mwaka 1970. Mbele yako linapanda lori. Wewe kwa adabu zako unakanyaga ile swichi ya sakafuni ili uende dimu, usimpofue mwenzio. Na taa zako kubwa zote mbili zinazimika.

Hazikupungua mwanga, wadau. Zilizimika, kama nyumba iliyoishiwa LUKU.

Lori likapita, likaniacha sioni hata pua yangu. Nikashika breki kwa nguvu zote nilizojaliwa (breki za magari haya hazibembelezwi), huku mguu wa kushoto unahangaika na ile swichi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu taa zikarudi, na hapo ndipo nilipomwona. Mkono mmoja hivi kutoka kwenye bampa langu alikuwa amesimama jamaa na baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, ameinama kuuzuia mzigo usimkimbie kwenye mteremko. Wale jamaa wanaoshusha mkaa kuuleta Dar mnawajua.

Nilishuka natetemeka, nikaanza kuomba radhi. Hakunitukana. Aliniangalia, akaliangalia gari, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi sina taa kwa sababu sina hela. Wewe je?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na safari yake.

Sasa ngoja niseme jambo la aibu kidogo. Tangu nimalize chuo na kuingia chumba cha habari nimeandika habari za ajali nyingi kiasi kwamba naweza kuziandika nimefumba macho. Gari aina fulani, eneo fulani, majira ya saa fulani, kamanda amethibitisha, chanzo ni mwendokasi. Aya nne, mhariri anafurahi, tunakwenda kunywa chai. Usiku ule kama yule jamaa wa mkaa angekuwa hatua mbili mbele, mwenzangu mmoja angeandika aya nne zilezile na mimi ningekuwa "dereva wa gari hilo". Na chanzo kingekuwa mwendokasi, wakati nilikuwa nakwenda kilomita thelathini kwa saa. Hakuna ambaye angeuliza swichi ya sakafuni ilikuwa na nini ndani yake. Mimi mwenyewe nisingeuliza.

Gari lenyewe lilikuwa la babu. Alilinunua kwenye mnada mwanzoni mwa miaka ya themanini, likiwa tayari limeshatumika na kuchoka, na akalitumia katika kijiji kimoja njia ya Maneromango mpaka alipofariki mwaka jana. Limebeba korosho, mihogo, maharusi, wagonjwa na marehemu. Bibi anasema kuna watoto watatu waliozaliwa humo kabla ya kufika hospitali, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ananisaidia kulisukuma siku nilipokwenda kulichukua.

Nilikwenda kulichukua kwa sababu ya baba mdogo. Baba mdogo si mtu mbaya, msije mkamhukumu. Ana watoto wanne shuleni na ana macho: kila siku anapita pale uani na kuona chuma kimekaa, na anajua chuma chakavu kinanunuliwa kwa kilo. Akaitisha kikao. Mimi nikaomba muda. Akasema, "Sawa mwanangu. Hitma ya mwaka ya mzee ni wiki sita zijazo. Siku hiyo gari lije hapa lenyewe, usiku, na taa zake zinawaka. Likishindwa, Jumatatu linakwenda kwenye mizani." Bibi hakusema kitu. Alinipakilia gunia la mihogo nyuma, basi.

Kwa nini alitaja taa? Kwa sababu injini ya gari lile haina neno. Ni petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ukiipiga stata mara tatu inakohoa na kuwaka. Taa ndizo zilizomshinda kila mtu. Babu mwenyewe miaka yake ya mwisho alikuwa halitoi gari baada ya magharibi.

Basi, usiku ule nililala ndani ya gari hapo Pugu kwenye kituo cha mafuta. Alfajiri nikashika njia ya Gongo la Mboto, nikakata Kinyerezi, Malamba Mawili, nikatokea Mbezi na kuingia barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha ninakoishi. Kutoka Kimara mpaka Kibaha siku hizi ni njia nane, magari yanakimbia kama yanafukuzwa, na mimi nimo upande wa kushoto kabisa na chuma changu. Hapo ndipo trafiki aliponipiga mkono.

Alizunguka nyuma. "Washa taa." Nikawasha. "Kanyaga breki." Nikakanyaga. "Achia. Kanyaga tena." Kisha akaja dirishani huku anacheka, anajitahidi asicheke. "Kijana, la kwako ukikanyaga breki taa za nyuma zinazimika badala ya kuwaka." Faini, elfu thelathini. Sikubishana naye, alikuwa na haki yake yote. Nilimwambia tu kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, kwa hiyo gari langu limeizidi sheria hiyo miaka mitatu. Hakucheka safari hii.

Wiki mbili za kwanza nilifanya kila kosa ambalo mtu mwenye shahada na asiye na akili anaweza kulifanya. Nilinunua balbu mpya. Zikawa na mwanga uleule wa chai ya rangi. Nikanunua betri, hela ya kodi ya chumba ikatetereka, mwanga haukubadilika. Kisha nikampa kazi kijana mmoja, ambaye alitazama waya zilizopo, akasonya, akavuta waya mmoja mwekundu kutoka betri moja kwa moja mpaka taa ya kulia. Taa ikawaka vizuri sana kwa muda wa dakika kumi. Baada ya hapo tulikuwa tunamwaga mchanga kwenye moshi.

Jamani, kabla sijaendelea, jueni kwamba Land Rover za aina hii zimetengenezwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye hata moja. Waya ukigusa bodi hakuna kinachokatika ila waya wenyewe.

Aliyenielekeza kwa yule mzee ni muuza spea wa Maili Moja. "Nenda kule chini ya mwarobaini, utamkuta mzee ana miwani imefungwa kwa uzi. Usimwambie unataka kubadilisha kitu, atakufukuza." Nikaenda. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba ujanani alifanya kazi TAMCO, kile kiwanda cha hapahapa Kibaha ambako malori ya Scania yalikuwa yanaunganishwa. Gari linakuja vipande, wao wanalisimamisha. Mtu aliyejifunza umeme wa gari kwa kuufunga mwanzo mpaka mwisho ni tofauti na mtu aliyejifunza kwa kuziba panapovuja, na tofauti hiyo niliiona siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza hakugusa gari. Aliuliza swali moja tu: "Ethi yake chanya au hasi?" Nikaduwaa. Akafungua kifuniko cha betri mwenyewe, akafuata waya mnene unaokwenda kwenye chesisi. Hasi. Akatikisa kichwa kuridhika. Nyingi katika Land Rover zilizotoka kiwandani kabla ya mwaka 1967 zilifungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume na magari yote unayoyajua leo, na kuna mafundi wameunguza vitu vya watu kwa kutouliza swali hilo.

Kisha akasema, "Wewe si mwandishi? Toa daftari."

Tukakaa. Mimi nachora mistari, yeye anaamuru mjukuu wake aliyekaa kwenye usukani. Washa taa ndogo. Nini kinawaka, nini hakiwaki, nini kinawaka nusu? Andika. Sasa breki bila taa. Andika. Sasa taa na breki pamoja. Andika. Indiketa ya kushoto. Ya kulia. Fulu. Dimu. Ilichukua karibu saa nzima na mimi nilianza kuona uvivu, mpaka nilipoitazama ile karatasi. Taa ndogo peke yake: nyuma zinawaka hafifu. Breki peke yake: zinawaka hafifu. Vyote viwili kwa pamoja: giza. Indiketa ya kushoto: taa ndogo ya nyuma inapepesa nayo, na ile ya kulia hivyohivyo. Yaani vitu vinne visivyohusiana vyote vilikuwa vinagombana.

"Wanagombea nini?" mzee akaniuliza.

Sikujua.

"Mlango wa kutokea."

Hapa nataka nieleze taratibu, maana ndipo mimi nilipofunguka macho. Umeme wa gari unatoka betri, unapita kwenye swichi, unafika kwenye balbu, halafu lazima urudi betri. Kwenye gari hakuna waya wa kurudia kwa kila taa, bodi na chesisi ndiyo njia ya kurudi, ndiyo hiyo ethi. Sisi wote tukiona taa haiwaki tunatazama upande wa kwenda: balbu, swichi, fyuzi, betri. Njia ya kurudi hakuna anayeikumbuka. Sasa ikiziba, umeme haukai ukasubiri. Unatafuta upenyo mwingine. Umeme wa breki ukifika kwenye taa ya nyuma na kukuta mlango wa kutokea umefungwa, unarudi kinyumenyume kupitia uzi wa taa ndogo, unakwenda kutafuta ethi kwenye taa nyingine huko mbele. Njiani unagawana nguvu na kila unachopitia. Ukiwasha na taa ndogo, zote mbili zinasukumana kutoka pande mbili na hakuna inayopata kitu. Ndiyo maana breki zilikuwa zinazima taa. Trafiki alicheka kitu chenye maelezo kamili!

Mzee alichukua waya mmoja mrefu, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye gamba la taa ya nyuma. Taa ikawaka kama mpya. Akaondoa, ikafifia. Akagusisha, ikawaka. Nilimwomba arudie mara ya tatu, kwa raha tu.

Kwa nini mlango ulikuwa umefungwa? Hapo kuna historia. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgawo, kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa alumini na kuiketisha juu ya chesisi ya chuma. Wakaendelea hivyo miaka yote. Ni uamuzi mzuri, ndiyo maana bodi ya babu haijaoza. Lakini alumini na chuma vikikutana kwenye unyevu, na unyevu wa ukanda wetu wa Pwani tunaujua, vinalana. Pale kwenye bolti panaota unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Tulifungua bolti iliyoshika ule waya mweusi wa taa za nyuma, tukaukuta, mwingi, kama unga wa muhogo. Dawa yake ilikuwa msasa, washa yenye meno inayouma chuma, na grisi juu yake kuzuia maji. Gharama yote haikufika bei ya sahani ya wali.

Mimi nilikuwa nimenunua betri.

Taa kubwa zilikuwa kesi nyingine, na hapo mzee alitoa mita. Akawasha taa, akapima betri: volti 12.4. Akapima kwenye balbu: 9.3. Volti tatu na kidogo zimeliwa njiani. Na taa ya uzi haina huruma, ikikosa sehemu moja ya kumi ya volti inapoteza karibu theluthi ya mwanga. Yangu ilikuwa imekosa robo. Nilikuwa natembea Pugu usiku na chini ya nusu ya mwanga hata kabla taa hazijazimika.

"Sasa tumtafute mwizi," mzee akasema, na safari hii alinipa mita nishike mimi. Upande wa ethi, kutoka gamba la taa mpaka hasi ya betri: 0.2. Hapana neno. Kwa hiyo 2.9 zimepotea upande wa kwenda. Unaweka ncha moja ya mita upande mmoja wa kiungo na nyingine upande wa pili, taa zikiwa zinawaka, na mita inakwambia kiungo hicho kinakula kiasi gani. Swichi ya kwenye dashibodi: 0.5. Vile viungio vya Lucas vyenye umbo la risasi karibu na madigadi: 0.3. Tukabaki na 2.1, na kitu kimoja tu hatujakipima.

Swichi ya sakafuni. Ile ya kubadili fulu na dimu kwa mguu wa kushoto. Fikiria, kitu kinachobeba umeme wote wa taa kubwa kimewekwa mahali ambapo dereva anaingia na matope ya Kisarawe, kwa zaidi ya miaka hamsini. Tuliifungua. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu mkavu, vibati vya shaba vimegeuka kijani, na punje moja ya korosho. Msiniulize ilipitaje.

Kwa hiyo hicho ndicho nusura kimuue yule jamaa. Nilikaa na ile swichi mkononi muda mrefu kidogo. Ni kitu kidogo, kinaingia kwenye kiganja.

Nikiwa naisafisha mzee akanisimulia kuhusu Lucas. Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye kampuni yake ndiyo iliyotengeneza umeme wa karibu kila gari la Kiingereza la zamani, alianza na taa, na taa yake ya baiskeli aliipa jina linalomaanisha Mfalme wa Barabara. Waingereza wenyewe baadaye wakaibatiza kampuni hiyo Mwana wa Mfalme wa Giza. Mzee hapendi utani huo. Anasema Lucas alimwekea fundi lugha kwenye waya na mafundi wamekataa kuisoma. Ni kweli, rangi zile zina maana. Kahawia unatoka betri moja kwa moja. Bluu ni taa kubwa, bluu wenye mstari mweupe ni fulu, bluu wenye mstari mwekundu ni dimu. Nyekundu ni taa ndogo. Kijani wenye mstari wa zambarau ni breki. Nyeusi ni ethi. Ukijua hayo unaweza kuingia chini ya dashibodi ya gari lolote la Kiingereza la miaka ile na kujua nani ni nani. Yule kijana wangu wa kwanza alikuwa ameweka waya mwekundu kwenye taa kubwa, yaani ameandika uongo ndani ya gari, na fundi atakayefuata angeusoma kama ukweli.

Na chini ya dashibodi ndipo tulipokuta kile kitu. Tulikuwa tunafuata ule waya wa bluu kurudi nyuma, mzee kalala chali na tochi mdomoni, mara akanyamaza. Kisha akaniita nitazame. Kulikuwa na kiungo. Waya ulishawahi kukatika, mtu akauunganisha kwa kusokota nyuzi moja moja, akaulehemu kwa risasi, akauviringishia kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na juu yake akafunga uzi wa kushonea, mizunguko midogo midogo iliyopangana kama ukili.

"Nani alifanya hii?"

Ni babu. Namjua kwa uzi wake, alikuwa anafunga hivyohivyo mipini ya visu na kamba za kitanda. Na mpira wa tyubu unaeleza ni lini. Miaka ile ya baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, wakati wazazi wetu wanapanga foleni ya sabuni na sukari, utepe wa umeme ungeupata wapi Kisarawe?

Mzee akasema, "Pima." Nikaweka ncha mbili za mita pande mbili za kile kiungo, taa zikiwa zinawaka. Sifuri. Nikadhani sijagusa vizuri, nikarudia. Sifuri. Takriban miaka arobaini, na hakili hata chembe. Hatukukigusa. Mzee hata hakukipanguza vumbi.

Tulichoongeza ni relei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, za shilingi elfu tano tano. Sababu ni hesabu ya darasani: balbu mbili za wati 60 kwa volti 12 ni ampia 10, na zote zilikuwa zinapita kwenye ile swichi ya mguu. Ukiweka relei, swichi inabeba umeme kidogo tu wa kuiamuru relei, na mzigo wenyewe unatoka betri kwa waya mnene, mfupi, wenye fyuzi yake. Nilimuuliza mzee kama hiyo siyo kuharibu uasili wa gari. (Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Wazungu wenye magari ya zamani wanagombana sana kuhusu jambo hili.) Akanitazama juu ya ile miwani ya uzi. "Unataka gari la kuangalia au gari la kuangalizia?" Mada ikafungwa. Waya tuliotumia ulikuwa wa bluu, wenye mstari mweupe na wenye mstari mwekundu. Nilizunguka Kariakoo Jumamosi nzima kuutafuta.

Tulipima tena jioni. Betri 12.4, balbu 12.0. Kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya jirani yakatokea maduara mawili, na jirani akatoka nje kuuliza kuna nini.

Siku ya hitma niliondoka Kibaha baada ya alasiri kwa makusudi, ili giza linikute njiani. Gongo la Mboto nilipita jua likizama. Kuanzia Pugu nikaanza kupanda. Magari yalikuwa yanateremka, na kila lilipokuja moja nilikanyaga swichi, taa zikainama, likapita, nikakanyaga, zikainuka. Mikono ilikuwa inatoka jasho mara zote hizo, siwafichi. Pale pale palipotokea lile jambo kulikuwa na wauza mkaa watatu wanateremka, mmoja nyuma ya mwenzake. Niliwaona kutoka mbali sana, nikaweza hata kuhesabu magunia. Sijui kama mmoja wao alikuwa ni yeye. Nilishusha taa, nikatoka pembeni, nikasimama kabisa mpaka wakapita.

Nilipofika uani kisomo kilikuwa kimekwisha na watu wanakula. Baba mdogo aliinuka na sahani yake mkononi, hakunisalimia kwanza. Akaenda mbele ya gari. Fulu. Dimu. Akaashiria kwa mkono, indiketa hii, indiketa ile. Akazunguka nyuma, akasimama na mifupa ya mbuzi mkononi, taa nyekundu zinammulika kanzu. "Kanyaga breki." Zikawaka zaidi. "Achia." Zikapungua. "Kanyaga." Watoto wakaanza kupiga kelele kila zilipowaka, mpaka ikawa mchezo. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, akauliza nani amewasha gari la mzee usiku.

Baba mdogo akarudi mpaka dirishani kwangu. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Na honi?"

Honi, wadau, haijawahi kulia tangu nizaliwe.